Tikiti, Pointi na Sifuri Iliyopotea

Nimekuwa kimya kwa muda, na kama kawaida sababu ni ileile: kazi ya watu. Leo naacha mafunzo ya programu kando kidogo, tuongee historia. Msishangae. Mwishoni mtaona kwamba historia hii ingenisomea somo mapema, ningeokoa pesa, usingizi, na machozi ya binti mmoja wa watu pale Migori.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2022 kampuni moja ya mabasi iliniomba niwaandikie programu ya kukatia tikiti na kuwapa abiria pointi. Unasafiri, unapata pointi 1 kwa kila shilingi 10. Ukifikisha kiasi fulani unazitumia kulipia safari. Mwenye kampuni alikuwa na wazo jingine zuri: abiria anayetoka Migori au Homa Bay kwenda Mombasa kula Krismasi aweze kulipa mara moja, basi hadi Nairobi, kisha garimoshi la SGR hadi Mombasa, na hata hilo garimoshi alilipie kwa pointi zake. Mfumo wangu haukuwa na uhusiano wowote na shirika la reli. Abiria anaagiza kwetu usiku, asubuhi karani anachukua simu ya ofisi, anabonyeza *639#, anaingiza jina na nambari ya kitambulisho, analipa kwa M-Pesa, basi.

Nauli ya daraja la kawaida Nairobi–Mombasa wakati huo ilikuwa shilingi 1,000. Mimi, usiku mmoja wa Desemba, nikirekebisha jedwali la nauli kwa haraka, niliandika 100.

Kabla sijaendelea, turudi nyuma kidogo. Kama miaka 120 hivi.

Reli isiyofika kwetu

Mtu anaweza kuniuliza: wewe wa Homa Bay unajua nini kuhusu garimoshi? Kweli, hakuna reli iliyowahi kufika Homa Bay wala Migori. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Lakini reli haikuishia kwenye maji. Shirika hilohilo lilikuwa na meli. William Mackinnon ilikuwa imeunganishwa pale Kisumu kutokana na vipande vilivyosafirishwa kutoka Uingereza, kisha zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, na baadaye Usoga na Rusinga. Meli za reli zilitia nanga Kendu Bay, Homa Bay, na huko kusini Karungu, ambako leo ni kaunti ya Migori.

Kwa hiyo gati la Homa Bay lilikuwa ndiyo stesheni yetu. Marehemu babu yangu alipenda kusimulia alivyoondoka kijana, miaka ya 1950, kwenda kutafuta kazi. Alikata tikiti gatini, akalala juu ya magunia, akashuka Kisumu na kutembea hatua chache tu hadi kwenye garimoshi, daraja la tatu, mabenchi ya mbao. Madaraja yalikuwa kwa jina ni ya nauli, lakini kila mtu alijua rangi gani inakaa wapi. Kitu alichokikumbuka zaidi ya vyote ni tikiti yenyewe: kijikadi kigumu, kidogo kuliko kiberiti kilichobanwa, chenye nambari. Alisema alikishika mkononi njia nzima kwa kuogopa kukipoteza.

Hapo nataka tusimame.

Mzee Edmondson na hifadhidata ya karatasi

Kadi ile ina mwenyewe. Mwingereza Thomas Edmondson, aliyekuwa mkuu wa stesheni ndogo kwenye reli ya Newcastle na Carlisle, alichoshwa na kuandika kila tikiti kwa mkono. Hiyo ilikuwa miaka ya 1830. Tatizo halikuwa mkono kuuma tu. Karani akiandika tikiti mwenyewe na kupokea pesa mwenyewe, nani atajua ameuza ngapi? Edmondson akabuni kadi zilizochapwa kabla, kila moja na nambari yake kwa mfuatano, na kimashine cha kugonga tarehe. Mtindo huo ukaenea duniani kote na kudumu zaidi ya karne moja. Uingereza waliuacha kabisa kwenye reli yao ya taifa mwaka 1990 hivi. Ulikuja huku kwetu pamoja na mataruma.

Sasa angalia ulivyofanya kazi, wewe mwandishi wa programu. Karani ana kabati lenye safu za kadi: safu ya Kisumu daraja la tatu, safu ya Nairobi daraja la tatu, na kadhalika. Asubuhi anaandika nambari iliyo mbele ya kila safu. Jioni anaandika tena. Toa ya asubuhi kwenye ya jioni, zidisha kwa nauli, jumlisha safu zote. Hiyo ndiyo pesa inayotakiwa kuwa kwenye droo. Hakuna kubishana.

Hii ni hifadhidata kamili. Kila safari na bei ina safu yake, kila tikiti ina nambari isiyojirudia, na hesabu inafungwa kila siku. Na mara nyingi nauli ilichapwa juu ya kadi yenyewe. Shika hilo la mwisho, tutalirudia.

Bila shaka kulikuwa na upande wa uchungu. Droo ikipungua, karani analipa. Hakuna aliyemuuliza kama abiria walikuwa wengi, kama taa ilikuwa hafifu, au kama jedwali la nauli lililotoka makao makuu ndilo lililokosewa.

Na majedwali yalikuwa na kila sababu ya kukosewa! Hebu fikiria sarafu zetu. Reli ilipoanza, pesa zilikuwa rupia za Kihindi, rupia moja ikiwa na ana 16. Mwanzoni mwa karne ya 20 rupia ikagawanywa kwa senti 100. Mwaka 1920 rupia ikabadilishwa kuwa florini, moja kwa moja, na ikafungwa kwa shilingi mbili za Kiingereza. Florini haikumaliza hata miaka miwili. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, florini moja kwa shilingi mbili. Yaani senti ile ya rupia na senti hii ya shilingi zina jina moja lakini thamani tofauti, moja ni mara mbili ya nyingine. Mimi nimewahi kuona programu ikifa kwa sababu safu moja ya jedwali ilikuwa kwa shilingi na nyingine kwa senti. Makarani wale waliishi ndani ya hitilafu hiyo, kwa kalamu na wino.

Mashine zinakuja, si kwetu

Sehemu hii nitaipita haraka. Mwaka 1960 shirika la reli la Japani lilianza kutumia kompyuta kuhifadhi nafasi, mashine iliyoitwa MARS-1. Miaka hiyohiyo shirika la ndege la American Airlines pamoja na IBM walikuwa wakijenga SABRE. Pointi nazo zina ukoo wao: huko Marekani stempu za kijani za Sperry and Hutchinson zilianza 1896, mnunuzi anazibandika kitabuni hadi kitabu kijae, na Mei 1981 American Airlines wakaanzisha AAdvantage, mpango wa pointi za safari ulioigwa na karibu kila mtu.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Ufaransa. Mwaka 1993 shirika la reli SNCF lilianza kutumia mfumo ulioitwa Socrate, uliojengwa juu ya SABRE ya ndege. Ikawa vurugu. Nauli zilitoka makosa, viti viliuzwa mara mbili, makarani wakagoma, abiria wakakasirika. Sababu moja ni rahisi kuieleza: mfumo wa ndege uliletwa kuhudumia garimoshi. Abiria wa ndege anapanda hapa anashuka kule. Abiria wa garimoshi anapanda popote anashuka popote, na amezoea bei inayofuata umbali, siyo bei inayobadilika kama ya ndege. Ukichukua mfumo wa mtu bila kuchukua mazingira yake, umenunua matatizo yake na kuongeza yako.

Sisi huku wakati huo tulikuwa tukipoteza hata tulichokuwa nacho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, reli na meli zikagawanywa, Shirika la Reli la Kenya likaundwa 1978. Miaka ya 1990 magugumaji yakaziba ghuba ya Winam, meli zikapungua hadi gati zikabaki za wavuvi na watoto wa kuogelea. Watu wa Homa Bay na Migori wakahamia kwenye mabasi na matatu, wakati kondakta ndiye mfumo wote: bei, tikiti, chenji na matusi kwa bei moja.

Kisha simu

Mwaka 2007 Safaricom ilileta vitu viwili vilivyobadilisha hesabu hii. M-Pesa mnaijua. Kingine ni pointi za Bonga, pointi 1 kwa kila shilingi 10 unazotumia. Kwa watu wengi wa kwetu hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba kutumia pesa kunaweza kukurudishia kitu. Nyanya yangu aliziita "chenji ya simu". Mwanzoni ulizibadilisha kwa muda wa maongezi au ujumbe, au ukivumilia sana, simu. Kuanzia 2020 ukaweza kuzitumia kulipia bidhaa madukani.

Tarehe 31 Mei 2017 SGR ikazinduliwa, Mombasa hadi Nairobi. Nauli ya kuanzia ilikuwa shilingi 700 daraja la kawaida na 3,000 daraja la kwanza. Kadi ya babu ikawa ujumbe kwenye simu.

Na hapo ndipo mimi ninapoingia na sifuri yangu.

Usiku wa shilingi 100

Nilibadilisha jedwali saa nne kasorobo usiku. Nikafunga kompyuta nikalala. Kufikia alfajiri tulikuwa na maagizo ya tikiti 41 za garimoshi, kila moja kwa shilingi 100, nyingine kwa pointi. Kwa kipimo chetu pointi 1 ilikuwa senti 30, kwa hiyo tikiti iliyopaswa kugharimu pointi 3,334 ilienda kwa pointi 334.

Karani wa Migori alifika ofisini saa kumi na mbili asubuhi, akaanza kazi yake kama kila siku. *639#, jina, kitambulisho, lipa. Shirika la reli bila shaka lilitoza bei yake halisi, 1,000. Simu ya ofisi ilikuwa na shilingi 15,000. Baada ya tikiti ya 15 ikakataa. Ndipo alipotazama maagizo kwa makini. Alinipigia mara sita. Nilikuwa nimezima simu ili nilale.

Nilipoiwasha, mwenye kampuni alikuwa tayari ameshatoa hukumu. "Yeye ndiye aliyekuwa zamu. Atakatwa mshahara hadi ziishe." Sikumlaumu, nayasema haya kwa dhati. Ndivyo kazi ya tikiti ilivyoendeshwa tangu siku za gatini: droo ikipungua, aliye nyuma ya dirisha analipa.

Nikamwambia, "Jaduong', nipe dakika kumi." Nikafungua kumbukumbu za mabadiliko. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili yangu mwenyewe, ili nikivunja kitu nijue nilichovunja. Mstari ulikuwa pale: nauli ya garimoshi, kutoka 1,000 kwenda 100, saa 3:47 usiku, mtumiaji: jina langu. Nikamgeuzia skrini asome.

Alikaa kimya. Karani naye alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Injinia, kama hiyo laini isingekuwepo, ungesema?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilijibu papo hapo.

Nani alijua?

Baadaye tukakaa kuamua kuhusu abiria. Sheria ina mawazo juu ya jambo hili, na Kenya imerithi mengi kutoka Uingereza. Kuna kesi ya mwaka 1939, Hartog dhidi ya Colin and Shields: wauzaji wa ngozi za sungura walitaja bei kwa ratili badala ya kwa ngozi moja. Mahakama ikasema mnunuzi lazima alijua hilo ni kosa, kwa hiyo hawezi kulishikilia. Singapore, duka moja la mtandaoni liliweka mashine za kuchapa za karibu dola 3,854 za huko kwa dola 66, na wanunuzi sita wakaagiza zaidi ya 1,600 kwa pamoja. Wakashindwa kortini pia. Upande wa pili, mwaka 2006 shirika la ndege la Alitalia liliuza safari za daraja la juu kutoka Toronto hadi Cyprus kwa dola 39 badala ya 3,900, na likaamua kuziheshimu.

Kwa hiyo swali ni moja: mnunuzi alijua, au alipaswa kujua? Mimi kwa akili yangu ya kompyuta nikafikiri naweza kulijibu kwa idadi. Aliyenunua moja hakujua, aliyenunua nyingi ni mjanja. Kulikuwa na agizo moja la tikiti 12. Nikaliwekea alama nyekundu.

Karani ndiye aliyewapigia. Ilikuwa kwaya ya kanisa, wanakwenda harusi Mombasa. Kiongozi wao alipoona bei aliipigia ofisi ya Homa Bay jioni ileile kuuliza kama ni ya kweli, akaambiwa, "Kama imeandikwa hivyo, ni hivyo." Na mmoja wa wale wa tikiti moja, alipopigiwa, alicheka tu: alijua tangu mwanzo, na alikuwa amewaambia rafiki zake waharakishe kabla hatujagundua.

Basi tuliamua hivi. Tikiti 15 zilizokwisha kulipwa kwa shirika la reli zilibaki. Kwaya ya 12 tuliiheshimu, maana waliuliza na sisi tukathibitisha. Zile 14 zilizobaki, kila mwenye tikiti alipigiwa simu akaombwa radhi, achague kurudishiwa pesa au kuongeza hadi bei halisi. 9 zikarudishwa, 5 zikaongezewa. Hasara: tikiti 27 kwa shilingi 900, yaani 24,300. Nusu ilikatwa kwenye malipo yangu, nusu akabeba mwenye kampuni. Karani hakukatwa hata senti.

Kosa la pili, ambalo lilinifundisha zaidi

Mnafikiri yaliishia hapo? Wapi! Kati ya waliorudishiwa, wawili walikuwa wamelipa kwa pointi. Nilibonyeza "rudisha" nikaenda kunywa chai. Alasiri mwalimu mmoja akapiga simu: "Mmenirudishia pointi 3,334. Mimi nilitoa 334."

Mnaona nilichofanya? Programu yangu haikuhifadhi bei ndani ya tikiti. Ilihifadhi safari tu, na ikitaka bei inaenda kuitafuta jedwalini. Nilipokwisha kurekebisha jedwali, tikiti za jana zote zikawa za 1,000. Nilikuwa nimebadilisha historia bila kujua.

Hapo ndipo nikakumbuka kadi ya babu. Nauli ilikuwa imechapwa juu yake. Makao makuu wangeweza kupandisha bei usiku ule ule, kadi iliyo mkononi mwa babu ingebaki na bei aliyolipa. Mzee Edmondson alikuwa ametatua hitilafu yangu kabla umeme haujafika nyumbani kwa mtu yeyote.

Sheria zangu tangu siku hiyo

1. Bei inaandikwa ndani ya tikiti siku inapouzwa. Kurudisha malipo kunasoma tikiti, si jedwali.

2. Nauli haifutwi. Kila bei ina tarehe ya kuanza. Nauli ya SGR daraja la kawaida ilipopanda kutoka 1,000 hadi 1,500 tarehe 1 Januari 2024, niliongeza mstari mmoja siku kadhaa kabla, nikalala.

3. Hesabu zote ni kwa senti, nambari kamili. Kukadiria kunafanywa mahali pamoja tu, mwishoni. Pointi 333 ni shilingi 99.90, na hakuna mtu wa kukulipa hizo senti 10.

4. Kilicholipwa kwa pointi kinarudi kama pointi, kilicholipwa kwa pesa kinarudi kama pesa. Na pointi zilizopatikana kwa tikiti iliyofutwa nazo zinafutwa.

5. Bei ikishuka zaidi ya nusu, mfumo unakataa hadi mtu wa pili akubali. Yule mtu wa pili ni karani. Yeye ndiye anayejua nauli kwa kichwa.

6. Kila badiliko linaandika jina na saa, na karani ana ruhusa ya kulisoma.

Hiyo ya sita ndiyo ninayoitetea zaidi kila nikipata kazi mpya, na ndiyo wenye kampuni huiona haina maana. Nambari za Edmondson ziliwekwa ili kumkamata karani. Ni kweli zilimkamata. Lakini hesabu ileile, ikiandikwa pande zote, humwokoa pia, mradi tu aliye juu yake naye aandikwe.

Yule binti bado yuko pale Migori. Siku hizi nikitaka kugusa jedwali la nauli baada ya saa tatu usiku, nampigia kwanza. Na simu yangu sizimi.

Haya wasomaji, tukutane tena. Makala ijayo inarudi kwenye programu, naahidi.